Samaki Niliyempa Mama Mkwe

Wiki iliyopita mjukuu wangu Nekesa, ambaye ana miaka kumi na mdomo wa miaka arobaini, alibandika karatasi kwenye mlango wa friji ya mama yake hapa Kitale. Juu ameandika kwa kalamu nyekundu: SABABU ZA KWENDA KUONA SAMAKI MOMBASA. Mambo yenyewe ni kwamba binti yangu Naliaka na mume wake wameamua likizo hii familia yote iende pwani, mahali pamejengwa matangi ya vioo makubwa kama nyumba na wanyama wa bahari wanaonyeshwa watu, na mimi niende nao, kwa sababu tangu tumzike mama yao, miezi mitatu sasa, ati ninakaa kama kiti. Hilo neno kiti si langu, nililisikia likitoka jikoni. Mzee akikaa sana sebuleni watu husahau kwamba ana masikio. Mimi nilikataa. Nikasema ni mgongo. Mgongo ni kitu kizuri, hakuna mtu anaweza kuufungua aone kama unauma kweli. Basi Nekesa akaona dawa ya mzee mkaidi ni sababu, na jioni tukinywa chai akasimama mbele ya friji akazisoma kama mtu anasoma habari.

Ya kwanza, kuna pomboo wanaruka na kucheza mpira. Hilo jina pomboo sisi hatukuwa nalo, tulisema samaki mwenye pua. Ya pili, kuna njia ya kioo, unapita chini na papa wanapita juu ya kichwa chako na hawakuli. Ya tatu, kuna kasa mzee kuliko kuka, na kuka ndio mimi, babu, hapo akaniangalia kuona kama nitacheka. Ya nne, watoto wanajifunza bila kuambiwa wasome, na hiyo najua aliiweka kwa ajili ya mama yake. Halafu ya tano. "Kuna samaki mmoja mzee anakaa chini kabisa. Mtu akitoka mbali sana, yeye anajua. Anapanda, anakuja kwenye kioo, anamwangalia huyo mtu machoni mpaka mtu aondoke." Baba yake akamuuliza hiyo ameipata wapi kwa simu. Nekesa akasema hiyo haikutoka kwa simu, hiyo ni ya kukhu. Kukhu ni bibi yake, marehemu mke wangu Nasimiyu. Chai ikanipita njia mbaya, wakanipiga mgongo, ule ule niliosema unauma. Huyo samaki mimi namjua. Nilimtengeneza kwa mdomo wangu, mwaka mmoja nikiwa sijafika miaka thelathini, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amekula macho ya mtu.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Kitale, lakini si Kitale hii ya friji. Ilikuwa ploti ya mbao nyuma ya posho mill, vyumba sita vimefuatana kama mabehewa, vumbi la unga linaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ukuta kati ya chumba na chumba ulikuwa mbao moja tu, tumeubandika magazeti tuzibe upepo. Mimi shule niliachia darasa la tatu, na kusoma kwingine kote nilisoma kwa huo ukuta nikiwa nimelala chali. Kuna mambo ya serikali najua nusu tu kwa sababu nusu nyingine ilikuwa nyuma ya kabati. Kazi yangu ilikuwa lori. Mzee mmoja Mkikuyu wa kijiji cha Kwanza, mtu wa mahindi mengi na maneno machache, alikuwa amenipa lori jipya nipeleke mahindi yake mpaka Mombasa na nirudi na chumvi. Kijana mwenye lori jipya ni mtu mbaya, nawaambia. Anafikiri barabara ilitengenezwa kwa sababu yake.

Mwaka huo ndio mama mkwe wangu alitoka Naitiri akaja Kitale kutibiwa macho. Jina lake sitaliandika hapa, na si kwamba nimesahau. Kwetu Bungoma mama mkwe ni mtu unamheshimu kwa mbali. Humpi mkono, hulali naye nyumba moja, hamli chakula mezani pamoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Watu wa leo wanacheka, lakini sisi hatukuona ajabu, ilikuwa kama vile huwezi kuingia kanisani na kofia. Kwa hiyo hakulala kwetu. Alilala chumba cha pili, kwa binamu ya mke wangu, na kati yangu na yeye ilikuwa ile mbao moja ya magazeti. Nikimaliza kula, namsikia anavuta kiti chake karibu. Nasimiyu anatoa sahani za ugali na mrenda, mimi nanyoosha miguu, na upande ule mtu anakohoa kidogo. Hicho kikohozi hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa cha kusema niko hapa, msije mkaongea vibaya. Heshima hiyo.

Basi nikawa msimuliaji. Mimi naongea na mke wangu, lakini sauti naitupa juu kidogo ipite kwenye mbao. Niliwaambia Mombasa kuna mahali pa samaki, watu wanatoka mpaka Ulaya na watoto wao kuona. Niliwaambia samaki mwenye pua anavyoruka akamwagia watu maji na watu wanapiga makofi. Niliwaambia njia ya chini ya maji. Niliwaambia kobe wa bahari ambaye alikuwa mzee wakati babu zetu wanazaliwa. Kila safari naongeza kitu, na kila safari nikirudi, kabla sijavua viatu, Nasimiyu ananiuliza polepole, "Mama anauliza kama ulipita kwa samaki." Hapo ndipo nilimleta yule wa kioo, yule wa chini kabisa anayejua mtu wa mbali. Upande ule kiti kililia. Akamwuliza mke wangu, nami nasikia kila neno, kama mtu wa Naitiri anahesabiwa kuwa ametoka mbali. Nikasema, mwambie Naitiri ni mbali sana.

Na huyo mama hakula samaki hata siku moja. Omena wakikaangwa ploti, yeye anatoka nje na kiti chake mpaka harufu iishe. Binamu ya mke wangu alimcheka, akamwambia shangazi wewe unataka kwenda kumwangalia mtu ambaye humpendi. Yeye akamjibu neno ambalo bado liko kichwani kwangu. Alisema, "Ng'ombe nimeona, kuku nimeona, binadamu nimeona wote, wazuri na wabaya. Sijaona kitu kinaishi mahali mimi nikiingia ninakufa."

Sasa macho. Daktari alisema ni ugonjwa unaokula jicho kutoka pembeni ukielekea katikati, kama moto wa shamba. Alisema wakipasua mwaka huo, kile kimebaki kitabaki, lakini kimeenda kimeenda. Wakampa tarehe. Yeye akaogopa kisu. Alikuwa anajua mwanamke wa huko kwao alipasuliwa jicho akarudi anashikwa mkono. Basi akamwambia binti yake, mimi nikisikia, kwamba kisu hakatai, lakini aende kwanza aone samaki wa huyu kijana. Wakiharibu baadaye, awe ameona kitu. Nasimiyu akanigeukia. Na mimi, kijana wa lori jipya, nikasema kwa sauti kubwa ipite kwenye mbao kwamba mavuno yakiisha nitawapeleka wote. Nilisema wote. Lile neno lingekuwa jiwe ningelirudia siku hiyo hiyo nikalichukua.

Kuna asubuhi moja ningepaswa kuamka akili. Niko kwenye bomba nanawa uso, namwona mama mkwe anakuja na debe. Nikangoja ageuke, kama kawaida yetu. Hakugeuka. Akaendelea kuja, moja kwa moja, uso umetulia, akanyoosha mkono kunisalimia, akisema, kama ananiona mimi ni jirani yetu, "Mama Rosa, leo umewahi." Mimi nikaruka nyuma mpaka nikaanguka kwenye matope ya bomba. Ploti nzima ikacheka. Fundi wa baiskeli wa chumba cha mwisho akasema, "Bana, mkwe nusura akushike, sasa itabidi mchinjiane mbuzi." Mama akasikia neno mkwe, akajua ni mimi, akajifunika kichwa na shuka akabaki amesimama pale na debe, hajui aende upande gani. Mimi nilicheka pia. Nilicheka kuliko wote, ili nisifikirie kile nilichokuwa nimeona.

Mavuno yakaisha. Mwenye lori nilimwambia, nikitumaini atakataa. Akasema kabini ina nafasi, chukua mama. Hilo tu, akarudi kuhesabu magunia yake. Ndipo nikakumbuka heshima. Nikamwambia Nasimiyu, siku tatu barabarani, kabini moja, bega kwa bega na mama yako, huo ni mwiko, siwezi. Mke wangu alikuwa mtu wa kupanga mambo, akasema si hayo yanafunguliwa? Enda Bungoma umwone baba yako mdogo, wazee wanajua njia. Nikaenda. Nilienda nikiomba moyoni anikatalie.

Baba mdogo nilimkuta jikoni kwake anakula viazi vitamu na chai, maganda anayapanga pembeni kwa mstari kama kawaida yake. Nikamweleza, nikaweka uzito wote kwa upande wa mwiko. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hiyo ni kazi ndogo. Nilete blanketi la mama, mama alete kuku, tule pamoja mbele ya watu, tupeane mkono, imeisha, hata Jumapili hii. Nikasema labda ni mapema, sisi bado wachanga kwa ndoa. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mtu ambaye macho yanaisha, unamwekea heshima ya nini? Mwenyewe hata hakuoni." Akanipa viazi viwili nile njiani. Nilivila nikiwa nimesimama stendi ya Bungoma, na wakati nameza cha pili nilikuwa nimeshajua nitasema nini nyumbani.

Sasa niseme kwa nini, kwa sababu mke wangu amekufa na hao wengine pia, na mimi sina muda wa kuficha. Mahali pa samaki sikuwahi kuingia. Nilifika mlangoni mara moja tu. Tulikuwa tunangoja kushusha mahindi, nikatembea, nikaona ukuta mrefu umechorwa samaki wa kila aina, yule mwenye pua, kobe, papa. Mlinzi akaangalia miguu yangu, nimevaa akala za tairi na unga wa mahindi mpaka magotini, akaniuliza, "Wewe uko na wageni gani?" Hakunipiga, hakunitukana. Aliuliza tu. Nikasema niko na wangu ndani. Akasema basi wewe wangojee hapa nje. Nikangoja, karibu saa nzima, ili asijue nimedanganya. Nikasikia maji yakipigwa na watu wakipiga makofi. Mtoto mmoja Mhindi akatoka amelowa, anamweleza mama yake kitu kwa mikono, hivi na hivi. Hayo ndiyo niliyorudi nayo Kitale. Ukuta uliochorwa, makofi, na mikono ya mtoto. Mengine yote ni yangu. Ningewezaje kumfikisha mama mkwe kwenye ule mlango, na mke wangu pembeni, mlinzi aniulize tena niko na wageni gani?

Nikarudi Kitale nikasema wazee wamekataa. Nasimiyu alikuwa anasonga ugali. Hakulia, alisonga tu, mwiko unagonga sufuria, ugali ukawa mgumu kama tofali. Lakini ubaya wangu mkubwa si huo. Ningesema wamekataa kabisa, mama angeenda kwa kisu tarehe yake. Mimi sikutaka kuonekana mbaya. Nikasema wamekataa kwa sasa, labda mwaka mpya watalegea, tungoje. Nikaacha mlango wazi kidogo, na huyo mama akakaa kwenye ule mlango akingoja. Tarehe ya daktari ikapita. Wakampa nyingine, nayo ikapita. Usiku ule ule wa ugali mgumu, upande wa pili kikohozi kikaja, halafu sauti, ya kwanza aliyowahi kuitupa kwangu, ingawa alimwita binti yake. "Nasimiyu. Waache wazee, wanajua mambo yao. Mwambie anisimulie tena."

Nikasimulia. Mungu aniangalie, nilisimulia vizuri kuliko siku zote.

Mwaka mpya ulipofika alikuwa anajua mchana na usiku kwa joto la jua. Tulimrudisha Naitiri nyuma ya lori, yeye na Nasimiyu juu ya magunia ya chumvi, heshima yangu ikiwa salama mbele kwenye kabini. Halafu ndipo, wakati haina maana tena, ukoo ukasema mambo yafunguliwe. Tukakutana Bungoma kwa baba mdogo, nyumba imejaa, mvuke wa kuku, watoto wanachungulia dirishani. Mama akaletwa, nikamfunika blanketi. Akaketishwa karibu na mimi, na kwa mara ya kwanza nikashika mkono wa mama mkwe wangu. Mkono ulikuwa mkavu na mwepesi, hauna kinyongo hata kidogo, na mimi nikafikiri basi imepita, nimepona. Baba mdogo, mtu wa kufurahi, akainua kikombe akasema mbele ya watu wote, "Huyu kijana ni mzito, jamani. Mwaka jana nilimwambia alete blanketi Jumapili ile ile. Leo ndio umekuja nalo, au la kwanza lililiwa na panya njiani?" Watu wakacheka. Nasimiyu alikuwa anamimina mchuzi. Hakuacha kumimina. Mchuzi ulijaa bakuli, ukapita, ukatiririka mezani mpaka kwenye nguo ya mtu, na yeye ameniangalia mimi. Mkono wa mama ulikuwa bado ndani ya wangu. Akasema, "Kumbe." Si kwa hasira. Kama mtu ameambiwa saa ngapi. Kisha akageuza uso mahali alipofikiri niko, akakosea kidogo, akauliza ukuta, "Na yule samaki wa kioo? Yeye ulimwona?"

Nikasema, "Nilimwona, mama."

Kuna watu watasema pale nilimhurumia. Mimi nilikuwa pale, na sikumhurumia mtu. Nilijificha, kama nilivyojificha nyuma ya mwiko, na kama nilivyosimama mlangoni kwa wenyewe nikisema niko na wangu ndani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, Naitiri, anapukuchua mahindi kwa vidole, na kila mtoto akimwendea alimpa yule samaki. Nasimiyu hakuniuliza kitu, si siku hiyo, si miaka yote tuliyokaa shambani Ndalu tukilima na kulea. Alinipikia, alinifulia, alinizalia, akaniuguza nilipovunjika mguu. Lakini nikianza kusimulia jambo mbele ya watu, lolote lile, hata habari ya ng'ombe kupotea, alisimama akaenda jikoni. Wageni walifikiri ni kazi nyingi. Miaka yote hiyo nimesimulia nikiangalia mgongo wake ukitoka. Na kumbe yule samaki, Nasimiyu alimtunza. Alimpa Naliaka, akampa Nekesa. Sijui alimwamini au alimweka kwa ajili ya mama yake. Ningemuuliza. Miezi mitatu iliyopita bado ningeweza kumuuliza.

Jana mchana nilikuwa kwenye kiti changu, Naliaka anapanga nguo kwenye masanduku. Nekesa akaja na karatasi yake, ameibandua kwa friji, akakaa chini karibu na miguu yangu. Akaniambia baba yake anasema ile ya tano haiko, ametafuta kwa simu haiko, lakini kukhu alimwambia kuka alikwenda huko zamani na lori. Kisha akauliza, na sikujua neno linaweza kuzunguka miaka yote hiyo lirudi limevaa nguo zile zile.

"Yule samaki wa kioo, kuka. Wewe ulimwona?"

Nyumba ya binti yangu ni ya mawe. Huwezi kusikia mtu upande wa pili hata akikohoa. Nilingoja kidogo hata hivyo. Halafu nikasema sikumwona, sikuingia, huyo samaki hayuko, nilimtunga mimi nimdanganye mtu. Nilifikiri atalia, au ataniuliza nani, na nilikuwa tayari kumwambia yote, nimejipanga. Hakuuliza. Alitoa kalamu nyekundu kwenye nywele akakata mstari wa tano, akaurudia mara mbili usisomeke, akahesabu kwa kidole.

"Zimebaki nne," akasema. "Nne zinatosha."

Akakimbia kurudisha karatasi kwenye friji. Mama mkwe wangu alingoja ile moja tu, ya tano.